Insha Saba za Wesley

Muaither, Doha
Ijumaa, 7 Februari 2025

Mdogo wangu Wesley,

Pokea salamu nyingi kutoka huku. Natumai u mzima, miguu haikusumbui, na hilo baridi la Kansas halijakupasua midomo. Mimi ni mzima. Kikohozi cha wiki iliyopita kimeisha, nimerudi kanisani sasa hivi, maana huku tunasali Ijumaa, na Millicent ninayekaa naye chumba kimoja ananihimiza niache simu tukapike. "Huyo mtoto ana ndevu na bado unamfanyia homework," anasema. Nimemwambia akate sukuma wiki na aachane na mambo ya familia yetu.

Insha yako nimekutumia. Ulisema mwalimu wa uandishi anataka kurasa nne kuhusu mahali pa kazi unapopajua vizuri, nawe ukapendekeza shamba la chai la baba pale Kapsabet. Nilianza na chai kweli. Baada ya nusu ukurasa nikachoka, maana chai nimeichuma mpaka naiota. Basi nikaandika juu ya mlango wa jengo ninalolinda West Bay, na mlinzi nikamfanya wewe, umekuja kufanya kazi huku likizo ya mwezi wa nane.

Wesley, nimeiandika vizuri, na sijisifu. Nimeeleza jinsi mlinzi anavyojifunza kuwatambua mabosi kwa viatu kwa sababu hapaswi kuwakodolea macho. Nimeeleza mlango wa kioo unavyofunguka, upande mmoja wa mwili ukapata baridi na wa pili ukaungua. Isome kabla hujaipeleka, tafadhali.

Wewe kimbia, kalamu niachie mimi. Kule Eldoret nilipokuwa nikiwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao kwa malipo, nilimhitimisha mtu digrii ya uuguzi, na mimi sindano naiogopa mpaka leo. Nitashindwaje na ndugu yangu wa damu, niliyemlea tangu mama atutoke?

Dada yako,
Jerusha


Chuoni, Kansas
Jumatatu, 24 Februari 2025

Dada Jerusha,

Salamu kwako na kwa Millicent. Nafurahi kikohozi kimekwisha. Mwili wangu ni mzima, ila usingizi umenipotea, na sababu ni hiyo insha.

Sikuisoma. Tulikuwa safarini kwa mashindano ya mbio za ndani ya ukumbi, nikaituma nikiwa ndani ya basi. Wiki iliyopita mwalimu aliisoma mbele ya darasa zima. Wote walisikiliza, dada, hata wale wanaochezea simu. Alipomaliza akaniuliza, mbele yao, Doha ilikuwaje mwezi wa nane. Nikasema ilikuwa sawa tu, mvua kidogo jioni.

Aliniita ofisini. Hakuwa mkali. Alinipa karatasi na kalamu, akaniomba niandike nusu ukurasa juu ya mlango huo. Niliandika mistari sita. Aliisoma, kisha akasema analazimika kupeleka jambo hili kwenye kamati ya chuo. Nimeitwa tarehe kumi na nane Machi.

Kitu ambacho sikuwahi kukueleza ni hiki. Huku si kama nyumbani, ambako mtu akishinda mbio hakuna anayeuliza ripoti yake. Kila timu inawekewa alama za masomo. Mkimbiaji akifeli au akiacha chuo, alama za timu nzima zinashuka, na zikipita chini ya kiwango, timu yote inazuiwa kwenda fainali za kitaifa. Sisi tuko tisa tu, na mwaka jana wawili waliacha. Tumebaki juu ya mstari kwa unywele. Nahodha wetu ni Cyrus, Mganda wa Kapchorwa. Ndiye aliyenionyesha jinsi ya kutumia mashine ya kufulia, na fainali za Novemba ni zake za mwisho kabla hajamaliza. Nikianguka, naanguka naye.

Niambie la kufanya.

Mdogo wako,
Wesley


Muaither, Doha
Ijumaa, 28 Februari 2025

Wesley,

Salamu. Mimi ni mzima, ingawa ulichoniandikia kilinifanya nisahau kushuka basi la kampuni likanipitisha jengo letu.

Mvua. Doha, mwezi wa nane. Wesley, huku mwezi wa nane hata kivuli kinatoka jasho. Ningekuwa karibu ningekufinya sikio.

Sasa sikiliza. Ukiitwa, useme uliandika mwenyewe, dada akasahihisha Kiingereza. Wakiuliza Doha, useme nilikuhadithia ukaona aibu kusema hivyo mbele ya darasa. Wakiuliza kuhusu insha nyingine, hakuna insha nyingine. Hizo sita za mwaka jana hazina mvua ndani yake, hawataziona. Kariri maneno haya kama ulivyokuwa ukikariri mstari wa Sunday school, na usiongeze la kwako. Ukisema ukweli watakurudisha Kapsabet, na huyo Cyrus hatapata faida yoyote kwa wewe kurudi.

Nakuombea.

Dada yako,
Jerusha


Muaither, Doha
Ijumaa, 4 Aprili 2025

Mpendwa Wesley,

Hujambo? Sisi huku hatujambo. Joto limeanza kupanda na Millicent amehamishiwa zamu ya Umm Salal, nje ya Doha, kwa hiyo chumbani sasa nakaa na Fatuma, dada mmoja wa Tanga.

Tarehe kumi na nane imepita siku nyingi. Nimeandika mara nne, naona umesoma na hujibu, na simu za WhatsApp huku hazishiki kama unavyojua. Baba ananiuliza habari zako, namwambia una mitihani. Hata kama ni mabaya, niandikie mstari mmoja.

Dada yako anayekungoja,
Jerusha


Chuoni, Kansas
Jumapili, 11 Mei 2025

Dada Jerusha,

Nakusalimu kwa heshima, na naomba radhi kwa kunyamaza. Mimi ni mzima wa mwili. Natumai wewe pia, na Fatuma, mpe salamu ingawa hatujuani.

Niliyakariri maneno yako. Niliyasema bafuni, niliyasema nikikimbia. Nilipoingia walikuwa watu watano mezani, na mwalimu wangu wa uandishi amekaa pembeni. Swali la kwanza lilikuwa, kuna insha nyingine? Nilifungua mdomo niseme hakuna, nikasema, "Ziko saba, pamoja na hiyo." Hata mimi nilishtuka. Wakauliza nani aliandika, nikasema dada yangu. Nilitaja jina lako. Nisamehe.

Hukumu imetoka juzi. Insha zote saba zimefutwa na kozi tatu zimefutika nazo. Mwaka mzima sitaruhusiwa kukimbia kwa niaba ya chuo. Ufadhili wameniachia kwa sharti moja, nirudie kozi hizo tatu na kufikia Desemba nisishuke chini ya alama sabini hata katika moja. Nikishuka, narudi nyumbani.

Na timu imeanguka chini ya kiwango. Saa za mazoezi zimepunguzwa, na Novemba hakuna fainali. Kocha aliwaambia wote tukiwa uwanjani, jina langu hakulitaja, ila nani asiyejua? Cyrus alifungua kamba za viatu, akavifunga tena, akaondoka. Tangu siku hiyo tukikutana koridoni ananipisha kama mtu asiyenijua.

Nilidhani nikisema ukweli wangeniadhibu mimi peke yangu. Sivyo sheria ilivyo.

Dada, usiniandikie tena kazi za shule. Hata nikikuomba.

Mdogo wako,
Wesley


Muaither, Doha
Ijumaa, 16 Mei 2025

Mpendwa Wesley,

Salamu za upendo. Huku sisi ni wazima, Fatuma amepokea salamu na anakurudishia.

Nitasema kama ilivyo. Siku tatu za kwanza nilikukasirikia, kwa kuninyamazia miezi miwili na kwa kulitoa jina langu mbele ya wazungu. Nililalamika chumbani mpaka Fatuma akaacha kusuka nywele. Akasema kwa ile sauti yao ya taratibu, "Da Jerusha, usinichukie, lakini wewe hukumsomesha huyo kijana. Ulimsomea." Nikamwambia hajui chochote kuhusu sisi. Kisha nikalia, kwa kuwa anajua.

Nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilizipenda insha zako. Niliacha chuo mwaka wa pili ili wewe ubaki shule, na sikujuta, lakini nilipokuwa nikiandika zile kurasa sikuwa mlinzi wa mlango. Nilikuwa mwanafunzi. Ulipopata A niliwaambia wenzangu kwenye basi kwamba mdogo wangu amepata A, na moyoni nilijua ni ya nani. Nimejisomea kwa jina lako, na adhabu umeibeba wewe.

Huyo Cyrus, msomee maneno haya siku atakapokubali kukusikia: Ndugu Cyrus, mimi ni dada yake Wesley. Nilidhani namsaidia mtu mmoja, sikujua kuna wengine wanane nyuma yake. Nimekuharibia mwaka wako wa mwisho, nami sina cha kukurudishia. Naomba unisamehe, na kama huwezi, basi unichukie mimi badala yake.

Kuhusu kazi za shule, nimekuelewa.

Dada yako,
Jerusha


Chuoni, Kansas
Jumamosi, 29 Novemba 2025

Dada Jerusha,

Shikamoo. Ndiyo, nakuamkia leo, usicheke. Natumai joto la huko limepungua na mgongo wako umepata nafuu. Mimi ni mzima. Najua barua zangu tangu Juni zimekuwa fupi. Nilikuwa nasoma, na nikisoma nachelewa, ukurasa mmoja unanichukua muda wa mbio za nyika mbili.

Fainali zilikuwa Jumamosi iliyopita. Timu ilizitazama kwenye runinga ya bwalo, ila Cyrus hakuja. Asubuhi ile alinigongea mlango na saa ya kocha mkononi. "Nipimie," akasema. Tulienda barabara ya mashambani, akakimbia kilomita kumi peke yake, hakuna wa kumfukuza wala wa kufukuzwa naye. Nilimsomea muda wake, akatikisa kichwa tu. Tulipokuwa tunarudi akauliza, "Ile barua ya sister yako, bado unayo?" Nilishamwambia mwezi wa tano kwamba ipo, akakataa kuisikia. Nikampa simu aisome mwenyewe. Alisoma akitembea, akanirudishia. "Mwambie nimesoma," akasema. Hayo tu, sikutaka kukuongezea.

Sasa mambo yangu. Kozi mbili nimepita, moja sabini na nne, nyingine sabini na moja. Imebaki ya uandishi, kwa mwalimu yuleyule. Insha ya mwisho inatakiwa Jumatatu saa sita mchana, na ili nifikishe sabini nahitaji nipate sabini na mbili. Zilizopita nimepata sitini na mbili na sitini na sita. Ninapanda, lakini polepole. Nikikosa, nimerudi nyumbani kabla ya Krismasi.

Nimeiambatisha hapa. Najua nilichokuambia mwezi wa tano. Sikuombi uiandike. Angalia aya ya kwanza tu, uninyooshee palipopinda. Robo saa, dada. Hakuna atakayejua.

Mdogo wako,
Wesley


Muaither, Doha
Jumapili, 30 Novemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Wesley,

Marahaba. Salamu nyingi. Mgongo unaendelea vizuri, na joto limeisha kabisa, leo tumevaa sweta za kampuni. Mwambie Cyrus nimepata ujumbe wake na namshukuru kwa kusoma.

Insha yako imefika. Sijaifungua. Naona jina la faili tu, na herufi zako kubwa zisizo mahali pake, na tayari mkono unawasha.

Ninaogopa, Wesley. Sijui imeandikwa vipi. Huenda ina kosa moja la kijinga ambalo ningelirekebisha nikingoja chai ichemke, na kwa sababu ya hilo ukapata sabini na moja, ukarudi Kapsabet na baba akaniuliza kwa nini. Nimekuvalisha viatu, nimekufunga tai, nimekusainia ripoti tangu ukiwa darasa la nne, na hili la leo ndilo gumu kuliko yote niliyowahi kukufanyia.

Ipeleke ilivyo. Palipopinda pabaki pamepinda, ni pako.

Nimeandika haya nikiwa nimesimama mlangoni mwa chumba. Nikishatuma, simu nampa Fatuma aifungie sandukuni mwake hadi Jumanne, na nimemwambia hata nikilia asinipe. Kwa hiyo usinijibu sasa, sitaona. Naenda kazini.

Dada yako,
Jerusha