Viwavi Waliokufa Mpakani

Bobonong, 9 Desemba

Kwa Gorata, binti wa dada yangu,

Hatujambo, na mvua imenyesha mara tatu. Virusi vipya vya kuua wadudu ulivyovigundua vimeua viwavijeshi wote, mtama umepona.

Ulinikataza nisivinyunyize karibu na miti ya mopane. Upepo ulikuwa umetulia, nikanyunyiza hadi mpakani mwa shamba, penye mopane. Nilikosea. Leo asubuhi nimewakuta viwavi wa mopane, kitoweo chetu cha mwaka mzima, wengi wakining'inia wamekufa.

Mkaza mjomba wako alikuwa akikung'uta magunia ya kuvunia viwavi hao. "Wewe mzee, mtama umepona na bado umenuna? Njoo unishikie gunia!"

Nikalishika.

Njoo upesi utazame kama waliosalia watapona. Kumwambia mkaza mjomba wako si kazi yako. Nitamwambia mwenyewe kabla sijaifunga bahasha hii.

Mjomba wako,
Keoagile