Barua Nne za Kadi ya Zamani

Kashojwa, Alhamisi, 13 Novemba 2008

Mvua imenyesha tangu alfajiri na njia ya Rubondo ni matope matupu. Nimerudi saa saba mchana, viatu mkononi. Naandika sasa, kabla sijaanza kujitetea.

Wanaonisoma kwenye blogu hii wanajua kazi yangu. Kwetu Uvira, Kongo, nilikuwa ripota wa redio. Hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi kusini mwa Uganda, nasimamia chumba cha barua pepe cha Kashojwa: kompyuta tatu, ubao wa chaki na benchi la kusubiria. Seva yenyewe, mashine ya Linux inayopokea barua za watu na kuzitunza, iko mjini Mbarara, kwenye chumba tulichopanga juu ya duka la mbegu, kwa sababu huko umeme haukatiki sana.

Anwani zetu si majina. Huku kina Furaha na Bahati ni wengi mno, na kila karani huandika jina la mtu kwa namna yake. Kitu kimoja ambacho kila nyumba inakijua kwa kichwa ni namba ya kadi ya chakula. Basi tangu mwanzo kila nyumba ilipewa sanduku la barua kwa namba ya kadi yake. Ndugu walioko Kongo wanaziandika namba hizo ukutani.

Mwezi wa nane kadi zilihakikiwa upya na namba zikabadilika. Wiki hiyohiyo niliweka mfumo mpya kwenye seva, maana wa zamani ulikuwa umechoka. Nikabadilisha masanduku yote yafuate kadi mpya, nikaandika namba mpya ubaoni, nikaenda kula nikiwa nimeridhika. Niliwaza watu wa huku tu. Wale wenye namba za zamani ukutani sikuwawaza.

Tangu hapo barua zikawa chache. Kila mtu alikuwa na sababu yake: mvua, mtandao, vita vya nyumbani.

Mama Zawadi hakuwa na sababu, alikuwa na swali. Ni mkulima wa mahindi katika kijiji cha Rubondo, humuhumu kambini, mzaliwa wa Uvira kama mimi. Mama yake mzazi aliachwa kule, mgonjwa, akitunzwa na kaka yake Mama Zawadi, aitwaye Elia. Kila Jumanne Mama Zawadi alikuja kwa miguu, akasimama mlangoni.

“Papa Amani, leo kuko kitu?”

“Hakuna, Mama Zawadi.”

“Iyo mashini yako inakulaka barua sawa mbuzi!”

Watu wa benchi walicheka. Yeye pia alicheka, kisha akarudi shambani. Ilikuwa hivyo Jumanne tisa.

Siwezi kusema sikuchunguza. Nilitazama diski, ilikuwa na nafasi. Nilitazama mlango ambao barua huingilia, ulikuwa wazi. Nilitazama foleni ya barua zilizokwama, ilikuwa tupu, na utupu huo ulinifurahisha. Nilijitumia barua ya majaribio kutoka mjini, ikafika kabla sijanyanyua kikombe cha chai. Lakini sanduku langu mimi ni la jina. Sikuwahi kujaribu namba hata moja, ya zamani wala mpya.

Jana nilikwenda Mbarara. Nilimwomba Mugisha, fundi mwenye karakana ya kompyuta jirani na duka la mbegu, anitazamie. Aliketi, akafungua logi, yaani daftari ambalo seva hujiandikia kila inachofanya. Akasoma, akapiga ulimi.

“Mzee, hii kitu si mgonjwa. Inafanya kazi mzuri sana, ssebo,” akasema, akiniita bwana kwa lugha ya kwao.

“Mbona barua haziingii?”

“Inafukuza. Ona. Fukuza, fukuza, fukuza. Hii ni askari wa geti! Hata mimi nataka moja kama hii ya nyumbani.”

Nilisogea nikaona. Mstari baada ya mstari: tarehe, saa, aliyetuma, namba ya kadi ya zamani, na neno kwamba mtumiaji huyo hajulikani. Mfumo wa zamani niliwahi kuuelekeza upokee hata barua isiyo na mwenyewe na kuiweka kwenye sanduku la jumla, nami nikilisoma sanduku hilo kila wiki. Mfumo mpya sikuuambia hivyo. Ulifanya kama unavyofanya usipoambiwa neno: uliirudisha barua mlangoni.

“Zilizofukuzwa ziko wapi?” nikamuuliza.

Mugisha aliacha utani. “Haziko popote, mzee. Haikuzipokea.”

Barua nne zilitoka kwa Elia, zote kwa kadi ya zamani ya Mama Zawadi. Ya kwanza mwishoni mwa mwezi wa nane, ya mwisho wiki tatu zilizopita. Kilichoandikwa ndani hakikuwemo.

Nilimwandikia Elia palepale. Nilijitaja, nikamwambia kosa ni langu, nikamwomba atume tena alichokuwa ametuma. Jibu lilikuja saa tisa alasiri, kutoka sibeka, duka la intaneti la kule Uvira. Aliziweka zote nne pamoja, kwa mpangilio.

Ya kwanza: mama hawezi kuamka, anamtaja binti yake. Ya pili: Jumamosi jirani atatuazima simu, tafuta simu huko, mama aisikie sauti yako. Ya tatu ilikuwa sentensi moja, dada uko wapi. Ya nne ilisema wamemzika.

Chini aliongeza maneno ambayo nayanakili kama yalivyo, kwa sababu sina haki ya kuyapunguza:

“Kila barua ilirudi na karatasi ya Kiingereza. Kijana wa sibeka alitusomea kwamba uyu mutu hajulikane kule. Mama akauliza, hajulikane, ni kusema nini? Hatukumujibu. Akasema, basi amenitangulia.”

Nilichapisha ukurasa ule. Leo asubuhi niliupeleka Rubondo.

Mama Zawadi alikuwa anapukuchua mahindi mlangoni. Aliponiona na karatasi, siku isiyo Jumanne, aliweka gunzi chini. Nilimsomea zote nne na yale maneno ya chini. Miaka yote ya redio nilisoma majina ya wafu bila sauti kutetemeka, na leo pia haikutetemeka. Sijui kama hiyo ni sifa.

“Alikufa anajua mi nilikufa?” akauliza.

“Ndiyo.”

Zawadi, binti yake, alitoka ndani, akatutazama, akaketi karibu na mama yake bila kuuliza.

“Na wewe, Papa Amani, ulikuwa unaniambia hakuna. Uliangalia?”

“Niliangalia sanduku jipya tu. La zamani nililifuta mwenyewe.”

“Kumbe hukujua.”

“Sikujua.”

“Ungesema hivyo. Ungesema haujui, ningeenda Mbarara kutafuta simu.”

Alikuwa sahihi, na usahihi ndio kitu nilichojisifia maisha yangu yote. “Hakuna” ni habari. Niliitangaza mara tisa bila chanzo.

Majirani wa kanisani walianza kuingia na mikeka. Niliaga. Aliniita nikiwa nimefika barabarani.

“Muandikie Elia. Mwambie niko.”

Nimeandika. Maneno hayo tu, na namba yake mpya. Yamefika, safari hii nimesoma logi.

Namba zote za zamani nimezirudisha, kila moja inaelekea kwenye sanduku lake jipya. Ilinichukua robo saa. Nalitaja hilo kwa sababu linauma kuliko mengine.

Kwenye logi kuna nyumba nyingine kumi na saba zilizofukuziwa barua. Nimeziandika kwenye karatasi. Sitazibandika ubaoni wala sitawaita watu waje kunisikiliza. Kesho naanza na za hapa Kashojwa, kwa miguu, mlango kwa mlango. Kilichokuwa ndani ya barua sikijui, na nitasema sikijui. Nitawaambia aliyeandika ni nani, na siku aliyoandika.