Shangazi, Nimempata Aliyekuandika Mtoro

Shangazi yangu mpendwa,

Nimempata. Naanza na hilo kwa sababu wewe ungeliuliza mwisho kabisa, baada ya kuulizia watoto, mvua, na kama bado nakula chakula cha mchana jioni. Nimempata yule bwana aliyekuandika kuwa mtoro, nimemuumbua mbele za watu, na sijuti hata kidogo.

Unajua kazi yangu ilivyokuwa inakuchekesha. Ulikuwa ukiwaambia wenzako kwamba nimeajiriwa kusoma waliyoandika wengine, halafu na mimi niandike kuwa nimesoma. Basi ndivyo ilivyo. Mwaka huu tulipewa kazi ya kukusanya tafiti zote zinazohusu upungufu wa watumishi wa afya vijijini, kuzipima ipi ya kuaminika na ipi ya kuwekwa pembeni, kisha tutoe ushauri: waongezwe wauguzi, au wabanwe zaidi hawa waliopo. Nikiwa ofisini Dodoma, chai iko mezani, nikafika kwenye utafiti mmoja wa zamani kuhusu utoro kazini. Ndani yake kuna zahanati isiyotajwa jina, huko Singida vijijini, yenye muuguzi mmoja. Watafiti walifika bila taarifa, wakakuta mlango umefungwa. Jirani akawaambia muuguzi yuko mnadani. Wakaandika kwamba mtumishi aliacha kituo saa za kazi akaenda mnadani kwa shughuli zake binafsi.

Ile chai sikuimaliza. Ni nani mwingine, Shangazi, kama si wewe?

Nilikuwa nimekaa pembeni yako mnadani siku kama hizo, kwa hiyo hakuna wa kunisimulia. Vumbi, ng'ombe wanalia, moshi wa nyama choma unatuingia machoni. Wewe umetandika kanga chini ya turubai la muuza mitumba, sanduku la chanjo liko miguuni, mzani umeuning'iniza kwenye nguzo ya zizi. Uliihamishia kliniki pale kwa akili yako mwenyewe. Ulikuwa umechoka kuwangoja akina mama ambao siku za kawaida wako kwenye mtama na alizeti, na wafugaji wa mbali ambao hawakanyagi zahanati mpaka mtoto awe hoi. Ila mnadani kila mtu anafika. Baba anauza mbuzi, mama ananunua chumvi, na wewe unamkamata hapohapo. "Wewe mama Juma, huyo mtoto hajamaliza chanjo," unaita, na sauti yako inamshinda dalali. Akijifanya hasikii, unamfuata mpaka kwenye magunia ya vitunguu, unarudi naye anacheka kwa aibu. Kazi yangu ilikuwa kuwavua watoto nguo kabla ya kupimwa. Walinikojolea sana, na wewe ulifurahi kila mara kama ndiyo mara ya kwanza.

Na zahanati ungemwachia nani? Nesi ni wewe, mkunga ni wewe, mgawa dawa ni wewe, na ufagio ni wako. Mzee Mghenyi, ambaye nyumba yake ilitazamana na zahanati, ndiye aliyekuwa anawaelekeza wagonjwa: Sista yuko mnadani, mfuateni huko. Kijiji kizima kilielewa maana yake. Wageni walipomuuliza, aliwajibu kama anavyowajibu wenyeji, hakuona cha kuongeza. Na wale wageni hawakuona cha kuuliza tena. Gari walikuwa nalo, mnada haukuwa mbali, vumbi lake lilionekana pale walipokuwa wamesimama. Waligeuza gari wakaondoka.

Kilichofuata tulikiishi wote wawili. Karipio lilishuka kutoka kwa wakubwa wako, ukakatazwa kutoka kituoni. Siku za mnada ukawa unakaa kwenye benchi la zahanati umevaa sare, unawangoja watu ambao wote wako mnadani. Vijana wakakupachika jina la Sista Mnada, likakufuata hadi Manyoni ulikohamishiwa baadaye. Lakini kabla ya hapo ilikuja surua. Iliwapata wale wale watoto ambao ungekuwa umeshawachanja. Mtoto wa Mariamu, yule rafiki yako wa kwaya, alikufia mikononi mwako. Uliporudi kutoka msibani ulikaa jikoni bila kuwasha moto. Nikakuuliza kwa nini usiwaambie ukweli wale waliokuandika.

"Nimewaambia, mwanangu," ulisema. "Wamenijibu kwamba imeshaandikwa."

Hukulia. Mimi ndiye niliyelia, na tangu siku ile nimekuwa na hasira ambayo shule haikuiondoa. Watu husema nimesoma kwa sababu ya bidii. Nimesoma kwa sababu ya chuki, Shangazi, na sioni ubaya wa kusema.

Hata hivyo sikutaka huyo bwana aliyekuandika aje kusema nimemwonea. Taratibu zetu zinataka mtu akiwa na undugu na jambo, aseme na akae pembeni. Nikamwambia mwenzangu Neema kuwa utafiti ule sitaupima mimi, nina sababu zangu, na sababu sikumtajia. Akausoma peke yake. Aliporudi alikuwa amekunja uso. Alisema hawa watu walifika mara moja, wakamuuliza mtu mmoja, hawakutaka kujua kama kituo kina siku za kwenda kuwafuata watu huko waliko. Mbaya zaidi, tafiti nyingine tulizokuwa tumezikusanya zilikuwa zinaurudia huo huo mmoja, kila mwandishi akimwamini aliyemtangulia, hakuna aliyetia mguu kijijini kwetu Sepuka. Juu ya mlango wako mmoja uliofungwa watu walikuwa wamejenga hoja nzima: watumishi wapo, ila ni wavivu. Neema akauweka pembeni. Nilikwenda chooni nikacheka peke yangu.

Siku ya kusoma matokeo tulikusanyika Singida mjini, na waandishi wa tafiti za zamani walialikwa. Yule bwana wako alikuja. Ni mzee sasa, mvi tupu. Nilimwamkia shikamoo kwa sababu ulinilea hivyo, akaitikia marahaba, hajui imetoka kinywani mwa nani. Tulipomaliza kusoma, akasimama na kusema kwamba amezunguka vijiji maisha yake yote, tatizo si idadi ya wauguzi, tatizo ni moyo wa kazi. Shangazi, kama angenyamaza huenda ningemwacha.

Nilimuuliza kama alimfuata yule muuguzi mnadani. Akasema haikuwa na haja, jirani alikuwa ameshaeleza. Ndipo nikawaeleza watu muuguzi yule alikuwa anafanya nini mnadani, na nguzo ya zizi, na mzani. Akasema kwa sauti ndogo kwamba hakuna aliyewaambia. Ningeweza kuishia hapo, Neema alikuwa ananivuta nguo. Sikuishia. Nilisema surua ilipita lini na iliwachukua watoto gani. Nilimtaja mtoto wa Mariamu kwa jina lake kamili. Kisha nikasema muuguzi huyo ni shangazi yangu. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena, na mimi nikafurahi kumwona hajui aiweke wapi.

Ushauri wetu umepita: kila zahanati yenye muuguzi mmoja iongezewe wa pili, na siku ya kuwafuata watu mnadani ihesabiwe kuwa siku ya kazi. Ungefurahia hilo kuliko hayo mengine. Mimi nimefurahia yote mawili, na sitasema ni lipi zaidi.

Wakati wa chai alinifuata nje. Alishika kikombe bila kunywa. Akaniambia hajui aanzie wapi, ila angependa kukuona uso kwa uso akuombe radhi, kama sitajali kumwelekeza. Aliniuliza unakaa wapi. Nilimtazama, nikamwambia aende Sepuka, aulize kwa Sista, yeyote atampeleka. Alinishukuru mpaka nikaona haya kidogo. Anakwenda Jumamosi, peke yake, kwa basi.

Sikumwambia kwamba tulikurudisha Sepuka tukakuzika. Watamwambia huko huko. Watampeleka wenyewe, kwa heshima, maana ndivyo walivyo, na atasimama juani mbele ya kaburi na radhi yake mdomoni, asione wa kumpa. Ungekuwa hai ungempa kiti na uji, ungemwambia yameisha. Ndiyo maana nashukuru hataweza kukupata. Jina alilokupa ulilibeba mpaka unakufa. Mzigo huu nimempa mimi, na yeye aubebe.

Najua ungenigombeza. Nigombeze, Shangazi. Namba yake ya simu ninayo, na sitampigia.

Lala salama,

Mtoto wa kaka yako, uliyemlea