Gogo Lililotoka Koboko

Jumapili, 7 Septemba

Ibada imechelewa kwisha. Mhubiri hajui kufunga hotuba. Nimerudi, nimevua viatu, nimeegemeza simu kwenye kopo la chumvi ili Poni anione uso mzima. Yeye hajajifunza. Hushika simu chini ya kidevu, nami huzungumza na matundu ya pua.

Poni ni mtoto wa marehemu binti yangu; huniita Dede, yaani bibi. Nimemlea humu humu Onduparaka. Tangu Agosti yuko Manila, muhula mmoja wa kubadilishana wanafunzi. Chuo chake cha Kampala kimempeleka yeye, na kutoka huko ameletwa kijana ambaye, nasikia, analalamikia matoke.

Leo ameniambia kwamba huko wanakula wali asubuhi, mchana na jioni. Kwamba embe bichi huchovywa kwenye uduvi uliosagwa, unaonuka. Kwamba mvua ya huko hainyeshi, inamwagwa. Kwamba kijana akimkuta mzee huushika mkono wake na kuugusisha kwenye paji la uso. Hili la mwisho nimelipenda. Nimemuuliza habari za masomo ya uuguzi. Amenionyesha paka wa mwenye nyumba.

Ameninunulia mwavuli. Mwavuli ninao.

Jumatano, 10 Septemba

Ujumbe wa sauti kutoka kwa Poni. Nusu yake ni mvua. Tufani inakuja, madarasa yamefungwa. Huko tufani hupewa majina kama watu, na kila mtu anajua lini abaki ndani. "Usiogope, Dede, hapa wamezoea."

Sijaogopa. Nimemwandikia aweke vyeti vyake kwenye mfuko wa plastiki na ahamie ghorofani. Amenijibu kwa picha ya kidole gumba. Nimemfundisha sentensi kamili tangu hajaota meno ya pili. Kidole gumba.

Ijumaa, 12 Septemba

Ujumbe wangu wa jana una alama moja. Haujamfikia.

Rejina amepiga simu kutoka Koboko. Ni shangazi yake Poni, dada wa baba yake, muuza vitenge. Yeye ni Mkakwa, mimi Mlugbara. Tunakutana kwenye Kiswahili, na Kiswahili ndicho kinachoumia. Namnukuu alivyosema, makosa si yangu: "Mama, radio nasema Manila iko chini ya maji. Mutoto iko wapi?"

Nimemwambia mji ni mkubwa. Akaniuliza kama maji nayo ni madogo.

Kaka yake, baba wa mtoto, yuko na lori upande wa Juba, hapatikani. Rejina aliipinga safari hii tangu mwanzo. Alisema kuchoma watu sindano kunafundishwa hata hapa. Mimi ndiye niliyesema aende. Leo amenikumbusha. Hakuwa na haja.

Jumamosi, 13 Septemba

Nilikuwa nachambua maharage. Namba ngeni imepiga, ndefu, inaanza kwa tarakimu nisizozijua. Nimekata. Imepiga tena. Nimekata. Mara ya tatu nimeizima simu kabisa. Wiki iliyopita matapeli walinipigia kunieleza kwamba nimeshinda pikipiki. Poni hupiga kwa picha, na sura yake hutokea kabla sijagusa kitu.

Baadaye nimeiwasha, nimepiga ofisi ya chuo Kampala inayoshughulikia wanafunzi waliosafiri. Nimekuta mlinzi. Amesema leo ni Jumamosi. Najua kwamba leo ni Jumamosi.

Jumapili, 14 Septemba

Poni hajapiga. Nimekaa mbele ya kopo la chumvi tangu ibada mpaka kuku walipoingia bandani.

Kanisani wamemwombea kwa jina, kwa sauti ile wanayoombea marehemu. Nimekohoa. Wameendelea.

Jioni jirani yangu Adriko amekuja, kofia mkononi.

"Pole, Madamu."

"Pole ya nini?"

"Pole tu."

Hakuna mtu anayevua kofia kwa ajili ya "tu." Nimemwambia avae kofia yake na aende nyumbani.

Jumatatu, 15 Septemba

Ofisi ya Kampala: "Tunafuatilia." Nimemuuliza yule kijana wanafuatilia nini, wapi, kwa njia gani. Akasema wanafuatilia kwa karibu.

Mchana pikapu imesimama langoni. Rejina. Amekuja na wanawake wa ukoo wao, mikeka, masufuria, mbuzi na gogo la mkwaju zito kama kaburi. Ameshuka, ameshika kichwa kwa mikono miwili, ameanza kulia kabla hata ya kunisalimu.

Huku kwetu gogo la msiba likiwashwa uani, kifo kimepokewa. Wanaume hulala kando yake, na moto hauzimwi mpaka matanga yamekwisha. Hakuna mkutano unaopitisha jambo hilo. Gogo likishika moto, basi, mtu amekufa.

Nimeamuru libaki nje ya ua. Nimetoa viti vyote vya ndani, hadi kigoda cha jikoni. Waombolezaji hukaa mikekani. Wageni hukaa vitini. Nimewapa viti.

Wamekaa chini, kando ya viti.

Jumanne, 16 Septemba

Wamezidi. Jamaa wa Koboko, majirani, watu wa kanisa, mwanamke mmoja kutoka Inde ambaye hakuna anayemjua na ambaye anakula kuliko wote. Maharage niliyochambua Jumamosi yamekwisha. Enyasa, ugali wetu, inasongwa kwenye sufuria yangu kubwa, na mwiko wangu umevunjwa.

Rejina amenijia mbele ya watu. "Mama, roho yako iko ya mawe? Mutoto nalala kwa maji, wewe nagawa viti!"

Nimemjibu kwamba hakuna maiti, hakuna taarifa, kwa hiyo hakuna msiba.

"Maji nachukua mutu, taarifa natoka wapi?"

Nimeingia ndani nikajifanya natafuta miwani. Ilikuwa usoni.

Mchana nimesikia mmoja akisema nyuma ya jiko: bibi asiyelia anajua kitu. Hapa kwetu hilo si neno la mchezo. Kuna wanawake waliohama vijiji kwa neno kama hilo. Nimetoka nikamwangalia. Amejitia kuchochea moto uliokwisha zimika.

Jioni gogo liko ndani ya ua. Nimeuliza nani ameliingiza. Hakuna. Limejiingiza lenyewe, inaonekana.

Jumatano, 17 Septemba

Timu ya Onduparaka ilicheza leo. Ilipofika saa kumi wanaume wote wa msibani walitoweka, mmoja mmoja, kila mmoja akienda kujisaidia. Bao lilipoingia kelele zilitikisa mabati yangu. Baada ya mechi wamerudi, wamejikohoza, wamevaa tena nyuso za huzuni. Adriko sauti imemkauka. Amesema ni vumbi.

Rejina amekuja na kiberiti. Amesema leo gogo liwashwe, ukoo hauwezi kukaa gizani. Nimekalia gogo. Nimekaa mpaka mgongo ukauma, wakachoka, wakaenda kula.

Naogopa. Sasa nimeliandika. Naogopa tangu Ijumaa. Nikilia leo, nimemzika. Nisipolia, mimi ni mchawi. Na aliyesema aende ni mimi.

Nimeondoa kopo la chumvi mezani. Nimelirudisha.

Alhamisi, 18 Septemba

Niandike kwa utaratibu.

Asubuhi Rejina aliingia kunishawishi kwa mara ya mwisho. Amesema kwa upole, jambo lililonitisha kuliko makelele: "Mama, tulie tu. Kulia si dhambi." Simu imelia. Namba ngeni, ndefu, ile ile ya Jumamosi. Nimenyoosha kidole nikate.

Rejina ameipokonya. "Mama! Simu nalia, mutu nakata? Mimi kwa soko najibu yote. Mukongo, mwizi, pasta, yote!" Akajibu kwa ukelele anaojibia wateja.

Halafu akaketi sakafuni, simu sikioni.

Ilikuwa Poni.

Rejina amepiga yowe. Yowe la furaha, lakini yowe halina rangi. Nje wamelisikia. Wanawake wote wakaangua kilio kwa pamoja, na mpumbavu mmoja, aliyekuwa na mafuta ya taa tayari, akawasha gogo.

Nimetoka mbio na beseni la vyombo. Maji, sabuni, vijiko, vyote nimevimwaga juu ya gogo. Rejina amekuja nyuma yangu na ndoo, simu ameibana begani, anapiga kelele kwa lugha zote anazozijua kwamba mtoto yuko hai. Tumemwaga pamoja. Moshi umetuingia machoni. Watu wanasema nililia. Ulikuwa moshi.

Kisha nimezungumza naye. Maji yaliingia nyumbani kwao hadi madirishani. Simu yake ilizama. Yeye, mwenye nyumba na paka walihamia ghorofa ya juu ya shule moja, pamoja na watu wengi, bila umeme. Vyeti vimo kwenye mfuko wa plastiki. Alikuwa akifunga watu vidonda. Mwenye nyumba alimwazima simu, na namba yangu aliijua kwa moyo kwa sababu nilimkaririsha akiwa darasa la tatu. Nikafurahi kusikia hivyo. Halafu akasema:

"Nilipiga Jumamosi, Dede. Mara tatu. Ulinikata. Baadaye simu ya mwenye nyumba nayo ikaisha chaji."

Rejina alikuwa amesimama karibu yangu. Amesikia. Ameniangalia. Hakusema kitu. Ningependa angesema.

Ijumaa, 19 Septemba

Wanaondoka. Wamechukua mikeka na masufuria, na moja ambalo si lao. Mbuzi wamemla. Wameimba, wamecheza, yule mwanamke wa Inde ameomba abebeshwe mfupa. Moyo wangu mwepesi, mwili mzito. Nimechoka na binadamu wote.

Gogo halijabebwa. Nimemwambia Rejina alirudishe kwenye pikapu. Amerudi nyuma hatua nzima, kama nimemwonyesha nyoka. Kuni za msiba hazirudi zilikotoka. Zikirudi, zinarudi na kifo.

Nimesema basi nitalipasua nipikie. Wanawake wamefunga vinywa kwa viganja. Nani apikie kuni za maiti? Nimesema maiti hakuna. Wamesema ndiyo mbaya zaidi, gogo bado linasubiri. Nimemwita Adriko na shoka lake. Ametazama ncha nyeusi iliyoungua, akakumbuka shughuli. Nimemwendea mchungaji. Amenieleza kwa kirefu kwamba hizi ni imani potofu. Nimemwambia vema, alichukue kwa jiko la kanisa. Amesema jiko limejaa.

Kwa hiyo ninalo gogo. Haliwashwi, haliondoki, halipasuliwi.

Kabla ya kupanda pikapu, Rejina amenishika mkono. Nilidhani sasa ndiyo atasema, na kila mtu alikuwa anasikiliza. Amesema kwa sauti ya chini: "Mama, namba ngeni napiga, jibu. Kama iko mwizi, tukana yeye, alafu kata."

Nimesema nimesikia. Hakuwaambia wengine. Sikutegemea hilo kutoka kwake. Langoni nimemwita nikampa kopo la asali niliyokuwa nimemwekea Poni. Ameuliza kama ni ya kuuza.

Jumanne, 14 Oktoba

Namba ngeni. Nimejibu. Alikuwa tapeli. Nimemtukana kwa sentensi kamili, kisha nikakata. Nimempigia Rejina kumweleza. Amecheka mpaka wateja wake wakauliza.

Kuku mwekundu anataga nyuma ya gogo. Kuku hana imani potofu.

Jumamosi, 20 Desemba

Poni amefika jana kwa basi. Amekonda. Ana kovu dogo kwenye kisigino, bati lilimkata wakati wa maji. Amepiga magoti kunisalimu kama ipasavyo, kisha ameushika mkono wangu na kuugusisha kwenye paji la uso wake. Paji lilikuwa na joto la safari. Sikuuondoa mkono haraka.

Mwavuli ni wa kijani, una maua. Nimeuweka kabatini pamoja na ule mwingine.

Amepika wali asubuhi. Nimekula. Mchana ameuliza kama nina embe bichi. Nimemwambia hapa embe huliwa likiwa embe. Rejina atakuja kesho kutoka Koboko. Amesema anakuja mikono mitupu, na nimemshukuru.

Jioni tumetoka kupunga upepo. Sijamsimulia habari za Septemba. Rejina naye hajamsimulia, nimemuuliza. Poni amezunguka ua akitazama kilichobadilika. Bati jipya la jiko. Mpapai ulioanguka. Amesimama mbele ya gogo.

"Dede, hili ni la nini?"

"La kukalia."

Akainama, akapitisha kidole kwenye ncha nyeusi. Kidole kikatoka na masizi.

"Mbona limeungua upande huu?"

"Kaa upande ule."

Amekaa.