Gauni Lenye Mfuko

4 Machi

Kwa mwanangu,

Natumaini hujambo, kwa kiasi cha ujambo ulichobakiwa nacho. Mimi moyo umechoka. Daktari hunipigia kelele kama kiziwi, kisha humnong'oneza mtunzaji wangu habari za kifo changu, nami nasikia kila neno.

Mkeo ananiambia kwamba tangu uanguke kutoka paa la duka lako la ushonaji na hospitali ikurudishe, kiti chako cha magurudumu kinaanikiwa nguo. Wewe umelala umegeukia ukuta. Wageni wanaingia, wanakutazama miguu, wanasema "pole, ndiyo dunia," wanakunywa chai, wanaondoka wamefarijika. Kufariji watu ni kazi nzuri, lakini haihitaji fundi.

Nataka gauni la kuzikiwa. La kijani, kola ya kusimama, na mfuko. Cherehani chako kinaendeshwa kwa miguu, kwa hiyo nakutumia changu cha mkono pamoja na kitambaa. Vipimo vyangu unavijua.

Shangazi yako aliyekulea

11 Machi

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Watoto wazima, mama yao mzima, mimi sijui niitweje.

Mzigo umefika. Hicho unachokiita cherehani nilikicheka tangu nikiwa mdogo. Mkono mmoja uzungushe, mwingine ushike kitambaa, wa tatu uazime kwa jirani. Mimi niliyekuwa nakanyaga mpaka majirani wanalalamika, leo nikae nazungusha mpini kama nasaga kahawa? Tafuta fundi mwingine. Na maiti anaweka nini mfukoni?

Juzi mke wangu aliniangushia chai ya moto mapajani. Aliyelia ni yeye. Mimi nilitazama tu ngozi ikibadilika rangi.

Mwanao

18 Machi

Kwa mwanangu,

Za hapo? Za hapa ni zile zile, zimepungua kidogo.

Pole kwa kuungua. Pakeni dawa, kisha tuendelee. Fundi wa mtaani kwetu ni mlevi, na mwenzake anashona kama anayeogopa sindano. Maiti anaweka mfukoni anachotaka, hayo hayakuhusu.

Kila asubuhi mtunzaji ananiogesha akisema, "Haya bibi, tunanyanyua mkono wetu." Mkono wetu. Mimi, mwalimu mkuu mstaafu, niliyekuwa nikikohoa tu shule nzima inanyamaza. Siku ya kwanza nililia kwa hasira. Siku hizi namsahihisha sarufi. Au ulidhani ni wewe peke yako unayeogeshwa? Una mikono miwili na umri mbele yako, na unautumia kutazama ukuta. Ukuta wenyewe haujapakwa rangi vizuri.

Shangazi yako

9 Aprili

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Sote tunaendelea.

Pokea gauni lako, nipate amani. Kiti hakikuingia chini ya meza mpaka mke wangu alipoinua meza kwa matofali. Muuguzi alisema nijiinue kwa mikono mara kwa mara nisipate vidonda vya kukaa. Nikisahau, mke wangu anagonga sufuria. Nyumba imekuwa jeshi. Mgongo unawaka pale hisia zinapoishia.

Nimekuwekea na mfuko, ingawa ni upuuzi.

Mwanao

15 Aprili

Kwa mwanangu,

Hali yangu isikushughulishe, kazi yako ndiyo mbaya. Kola imepinda. Kwapa limefumuka kabla sijalivaa gauni. Kama ulishona umefumba macho, wakati mwingine fumbua. Nimelirudisha.

Shangazi yako

30 Aprili

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Nimeshona upya kola na kwapa. Mwenye duka la mikate aliniona dirishani nikizungusha, akaleta aproni zake zilizochanika. Nilimwambia mimi si mshona viraka. Akasema, "Sasa hivyo unavyoshona ni nini?" Nimemshonea, lakini simpendi.

Mwanao

6 Mei

Kwa mwanangu,

Salamu kwa mkeo na sufuria lake. Pindo limeachia lote. Mwenye mikate ana bahati mbaya ya kukufahamu. Gauni linarudi.

Shangazi yako

12 Mei

Kwa Shangazi,

Shikamoo, na siitamki kwa moyo mmoja.

Mshono ukikatika wenyewe, uzi huvutika na ncha zake hubaki nyuzinyuzi. Pindo hili lina vipande vifupi vya uzi, vimekatwa safi kwa wembe. Kwapa lilikuwa vivyo hivyo. Nilijua tangu mara ya kwanza. Nilikaa nikashona tena kwa hasira, nione nani atachoka mapema, mzee anayefumua au kiwete anayeshona.

Safari hii nataka vipimo vipya. Mtunzaji wako alimwambia mke wangu kwamba umepungua.

Mwanao

16 Mei

Kwa mwanangu,

Sijambo kidogo, kwa hiyo nakiri ningali naweza. Ni mimi niliyekata. Kola ilikuwa sawa. Nililitazama gauni lile nikaudhika kwa jinsi lilivyokuwa sawa. Niliona likiisha utarudi ukutani kwako. Sijutii. Ningekuwa na nguvu ningefumua mpaka mwakani, ila vidole havishiki wembe tena.

Vipimo sikutumii. Njoo unipime mwenyewe. Seremala ameweka mteremko wa mbao mlangoni. Wa kwanza ulikuwa mkali kama paa. Nikamuuliza kama ana chuki na wewe. Ameujenga upya.

Usichelewe. Hilo si ombi.

Shangazi yako

21 Mei

Kwa Shangazi,

Leo sikuulizi hali.

Nilifika jana jioni. Mteremko ni mzuri. Niliupanda bila kusukumwa, nawe hukungoja uone. Mtunzaji anasema uliondoka asubuhi ya jana, katikati ya kumsahihisha. Daktari alikuja, akamuuliza yeye kama mimi hutumia sukari kwenye chai. Nikamjibu mwenyewe, kwa sauti yako.

Nimekupima. Nimepunguza ubavuni na mabegani, nimeshonea hapa kwenye meza yako kwa kile cherehani chako cha kusaga kahawa, nilichokuja nacho. Kola imekaa sawa. Fundo la mwisho sikulikaza.

Mfukoni nimekuwekea wembe. Nimeufunga kwenye kipande cha kitambaa, usije ukajikata.

Mwanao, fundi