Punje Uliyoitema

Koku,

Umeniudhi, na sijui pa kuipeleka hasira yangu. Ungekuwa hai ningekufuata kisimani nikugombeze, ungecheka, na mambo yangeishia hapo. Sasa umelala kwenye kibanja cha baba yako, chini ya migomba, na mimi ndiye ninayemtekea mama yako maji.

Mvua zimeanza tangu tukuzike. Shamba la kijiji limepandwa maharage, na mwenyekiti bado anatugongea kengele alfajiri, utadhani maharage yana haraka ya kwenda mahali. Kaka yako Kaijage bado anapakia kahawa melini kule Kemondo. Jumapili anakuja nyumbani baada ya misa, ananisalimia huku akiangalia viatu vyake. Mimi naangalia ndoo.

Unalikumbuka lile gari la sinema? Kila kiangazi lilikuja uwanja wa shule, wakatundika shuka jeupe. Kwanza tulifundishwa kupogoa mibuni, na tukishavumilia hayo ndipo zilipoanza zile picha za kuchorwa zinazotembea, kila mwaka kipande kingine cha watoto wale wale. Yule msichana wa masikio makubwa, rafiki yake mnene, na mvulana wa baiskeli ambaye msichana wa masikio hakuweza kumtazama bila kuanguka. Walisema Kizungu, hatukuelewa neno, lakini kule kuanguka tulikuelewa. Wewe ulijichagulia unene, mimi ukanipa masikio. Mvulana wa baiskeli hukuniuliza ni nani. Kaka yako alikuwa amenibeba mgongoni ili nione, na sikuona kitu.

Ndipo wale wasichana wawili walipofungana vidole kuapa urafiki, nawe ukabetua midomo. Ulisema vidole huachana, sisi kwetu wanaopendana hunywana damu. Kesho yake nyuma ya jiko ulichuma tunda la kahawa, ukatoa punje zake mbili, ukatuchanja karibu na kitovu kwa wembe wa baba yako. Nikameza iliyopakwa damu yako. Na wewe ukameza yangu, ndivyo nilivyojua. Tulikuwa darasa la tatu.

Mzazi mwingine angetuchapa. Baba yako, Tata kama ulivyomwita, alipoona damu kwenye magauni yetu alichinja mbuzi na kuita ukoo. Akasema omukago, udugu wa kunywana damu, ni omukago hata ukifanywa na watoto, kuanzia leo Kemi ni binti yangu, na wanangu wa kiume ni kaka zake. Nilikula ile nyama kwa furaha, mjinga mimi. Nilikuwa nakula harusi yangu.

Maana kaka haoi dada. Tulikua tukilijua hilo, mimi na Kaijage, na hatukuwahi kuvuka. Mara moja tu, akinitwika mkungu wa ndizi, alisema, "Kemi, heri ungezaliwa popote, mradi usingekula ile punje." Nikaenda zangu na mkungu wangu.

Kisha kifua kikakulaza hospitali mjini Bukoba. Ukaniambia nisogee, ukasema kwa pumzi fupi, "Sikuimeza. Nilimkumbuka Kaijage ikiwa tayari mdomoni. Nikaificha chini ya ulimi, nikaitema kwenye migomba. Nilitaka uwe wifi yangu." Nikakuuliza kwa nini ulinyamaza miaka yote hiyo. Ukasema, "Tata alishachinja mbuzi." Uliahidi ukirudi nyumbani utamwambia mwenyewe. Hukurudi. Ulirudishwa.

Msibani nilikaa ndani kwenye nyasi zilizotandikwa kwa matanga, pamoja na watoto wa nyumba, na maneno yako yalikuwa yananichoma. Siku ya mwisho nikajipa moyo, nikamsogelea baba yako. Kabla sijafungua kinywa alinishika mkono mbele ya watu wote. "Mungu amechukua binti mmoja," alisema. "Amenibakizia huyu." Kaijage alikuwa amesimama mlangoni.

Ningesema nini, Koku? Nimnyang'anye na huyo wa pili? Na nani angeniamini? Wangesema namsingizia marehemu ili nipate mume. Umenifungulia mlango ukafia pale pale kizingitini, na siwezi kukuruka.

Jumapili mama yako aliniambia wamempatia Kaijage mchumba, msichana wa Maruku, mtulivu, wa watu wa kanisani. Akaniomba mimi, dada wa bwana harusi, nimpokee mlangoni siku atakapoletwa. Nilikwenda nyuma ya jiko nikajifanya natafuta kuni. Nililia mpaka nikaona haya mbele ya kuku.

Nitampokea. Nitamshika mkono nimwingize ndani, na sitamsema vibaya hata kwa moyo, ingawa hilo usilipime sana. Wazazi wako nitawatunza mpaka mwisho. Ulichoniambia hospitali hakitatoka kinywani mwangu. Wewe uliitema punje, mimi yangu niliimeza.

Pumzika sasa. Kwaheri, wifi. Niache nikuite hivyo mara hii moja, hapa ambapo hawasikii.

Kemi wako