Kuwapa Hondohondo Mgongo

Shemeji yangu mpendwa Ambakisye,

Tangu dada yako, mke wangu, aondoke duniani, nawe ukamfuata, hakuna mtu kijijini aniitaye shemeji. Mke wako amehamia Tunduma kwa mwanao mwenye malori, na nyumba yenu imefungwa kwa kufuli. Watu wananiita Mwalimu, hata wale ambao sikuwafundisha. Ni jina la heshima, nami nalipokea, lakini halinitanii.

Asubuhi hii wageni wanne wamepanda msituni bila mimi. Nimebaki peke yangu kwenye benchi la ofisi ya kijiji, daftari la wageni likiwa mapajani, na kwa kuwa sina wa kuzungumza naye nimechukua karatasi. Barua hii naiacha wazi. Nikimaliza nitaibandika ubaoni, aisome yeyote apitaye, maana jambo nililokutendea nililificha mbele ya watu wengi.

Unakumbuka tulivyoanza. Wapasua mbao walikuwa wamekwisha kuingia katika msitu wa mlimani, huko yaliko makaburi ya babu zenu, na kila siku ya gulio mbao zilishushwa kwenda Isongole. Ukoo wenu ulikaa kikao. Wewe, uliyewinda humo tangu ujana wako na kumjua kila ndege kwa sauti, ukasimama ukasema kwamba wako watu wanaosafiri dunia nzima kutazama ndege, basi na waje kwetu, walale katika nyumba zetu, wale chakula chetu, nasi tuwaongoze. Wazee walicheka mpaka wakafuta machozi.

Mmoja akauliza, "Mtu aache kazi zake huko kwao, aje kutazama ndege ambaye hata hamli?"

Ukamjibu, "Baba, mbona wewe ulikwenda Tunduma siku mbili kutazama malori? Ulilila lipi?"

Hapo kikao kilikwisha. Wageni wakaanza kuja, wengine kutoka Mbeya, wengine wakivukia Tunduma kutoka Zambia. Kazi tuligawana bila kuandikiana. Njia na sauti zilikuwa zako. Barua, tafsiri na daftari vilikuwa vyangu. Dada yako aliwapikia maharage na ndizi, akawafundisha kuketi karibu na moto bila kukohoa. Ada ya wageni ilipoezeka zahanati kwa bati, wapasua mbao waliombwa kuondoka, nao wakaondoka. Nilifundisha maisha yangu yote, lakini sikuwahi kuona somo lililoeleweka upesi namna ile.

Jambo moja tu tulilibishania miaka yote, nalo ni lile la kutoa mgongo.

Wasiotujua wataisoma barua hii, kwa hiyo nalieleza kwa utaratibu. Karibu na kijito, ndani ya msitu, upo mkuyu mkongwe wenye tundu juu, na humo hondohondo hutaga. Jike huingia tunduni, kisha mlango huzibwa kwa udongo, ukabakia ufa mwembamba tu. Majuma mengi hukaa gizani na mayai yake, halafu na makinda, na chakula chake chote huletwa na dume, tunda moja baada ya jingine, kupitia ufa ule. Dume asipokuja, hakuna mwingine wa kuja.

Wewe uliwaketisha wageni mbali, ukawaacha wautazame mti wapendavyo. Lakini dume alipotokea akiwa na tunda mdomoni, uliinua kiganja, na kila mtu, mwenye darubini na mwenye kamera, ilimpasa ageuke na kuupa mti mgongo mpaka ndege amalize na kwenda zake. Ulisema uliachiwa hivyo na baba yako. Ndege humjua mwindaji kwa macho, alikwambia. Anayempa mgongo ni jirani.

Mimi nilitafsiri maneno hayo kwa aibu. Siku moja, tukishuka, nilishindwa kujizuia.

"Shemeji, watu wazima wametoka mbali ili watazame, nawe unawageuza kama watoto waliochelewa shule!"

"Mwalimu, wewe ungeweza kula ugali darasa zima likikukodolea mdomo?"

"Mimi si ndege."

"Kweli. Ndege akieleweka hunyamaza."

Ulicheka peke yako mpaka kijitoni. Mimi nilikunja uso, lakini leo nakiri kwamba hata katika ubishi wangu nilizipenda dakika zile za kugeuka. Tulisimama wote tukitazama magugu, na nyuma yetu tulisikia mabawa yakipiga hewa kwa nguvu, kisha mdomo ukigonga udongo, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa mkewe. Wageni walitabasamu wakiwa wamefumba macho. Hakuna aliyewahi kudai kwamba amepunjwa.

Kisha mvua za kwanza za mwaka jana zikakukuta kitandani katika hospitali ya Itumba, kifua kikikubana. Wageni watatu walikuwa njiani. Ulinituma neno kwamba niwaongoze mimi. Nilifurahi, Shemeji. Wewe ukiwa unahangaika kuvuta pumzi, mimi nilifurahi kwamba mara hii mambo yatafanywa kwa akili.

Dume alipotokea na tunda, sikuinua kiganja. Niliwaambia, "Tazameni. Mmekuja kutazama."

Alitua kwenye mti wa pili. Akatuona. Akalia, akahama tawi, akaruka na tunda lake. Tukangoja. Akarudi, akatuona tena, akaondoka tena. Miongoni mwa wageni alikuwamo bibi mmoja mwenye mvi, naye akanigusa mkono akasema kwa upole kwamba afadhali tuondoke, ndege ana hofu.

Hapo ndipo nilipokosea hasa. Kosa la kwanza lingeweza kuitwa ujinga, lakini hili la pili lilikuwa kiburi. Sikuvumilia kurekebishwa na mgeni katika msitu wetu. Nikamjibu, "Atazoea." Nikawarudisha hapo siku ya pili, na siku ya tatu, ili nioneshe kwamba nilisema kweli.

Siku ya nne hatukumwona dume. Wageni waliondoka, nami nikapanda peke yangu kila asubuhi. Juma lilipokwisha nilikuta ukuta wa udongo umebomolewa kutoka ndani. Jike alikuwa amekwenda. Chini ya mkuyu palikuwa na kinda moja, halijaota manyoya, siafu wamelifikia.

Kesho yake nilikuja Itumba kukuona. Ulikuwa umelalia mito mitatu, na sauti yako ilikuwa ndogo. Hukuuliza habari za nyumba yako, wala za shamba. Uliniuliza, "Bado anamlisha mkewe?"

Nikakujibu, "Anamlisha vizuri."

Ukafumba macho ukasema, "Basi vema, Shemeji." Ukamwambia na muuguzi kwamba mimi nimeupokea msitu. Siku ya nne baada ya hapo tukakuzika.

Mimi niliyewasimamisha watoto wa watu kwa kunidanganya juu ya kalamu iliyopotea, nilikudanganya wewe, mahali ambapo usingeweza kwenda kuhakikisha.

Laiti ningeishia hapo. Kamati ya mazingira ilipogundua kwamba kiota kimekufa, ilitafuta sababu, na karibu na mkuyu palionekana tawi kavu lililokatwa. Ikakumbukwa kwamba Mama Atupele, yule jirani yako mjane, huokota kuni upande ule siku zilizoruhusiwa. Ikasemwa kwamba shoka lake limewafukuza ndege. Alikana. Hakusikilizwa. Akakatazwa kuingia msituni. Katibu wa kamati ni mimi, hivyo katazo hilo liliandikwa kwa mkono wangu, katika sentensi safi, kila kituo mahali pake. Nililisoma kwa sauti, na wajumbe wakanisifu kwa mwandiko.

Mwaka ule ulikuwa mrefu. Nilipita nyumbani kwako nikaona kutu kwenye kufuli. Siku za gulio nilinunua tumbaku yako kwa mazoea, nikakumbuka njiani, nikampa mtu yeyote. Jioni nilichemsha chai ya watu wawili. Nilikuwa na neno la kukuambia, nawe ndiwe pekee ambaye ningeweza kuambiwa naye kwamba mimi ni mpumbavu, na bado nikaishi.

Mwezi uliopita hondohondo walirudi kwenye mkuyu. Dume alibeba udongo mchana kutwa. Barua ya wageni hawa ikaja, na kamati ikakutana kupanga. Mwenyekiti, yule niliyemfundisha darasa la tano, akasoma muhtasari wa zamani ili katazo lithibitishwe kwa msimu mpya. Mama Atupele alikuwa ameketi nyuma, karibu na mlango, kama mtu aliyezoea kutolewa.

Nikasimama.

"Mwalimu," Mwenyekiti akasema, "tumeacha nukta wapi tena?"

Wakacheka. Nikangoja wamalize.

"Nukta zote zipo," nikasema. "Nataka jina lisahihishwe. Palipoandikwa jina la Mama Atupele, liandikwe langu."

Nikawaeleza yote kwa utaratibu, siku ya kwanza hadi ya nne, na yule bibi mwenye mvi, na kinda. Na hospitali nikaieleza. Kisha nikaketi.

Mama Atupele hakulia wala hakunisamehe, na namheshimu kwa hilo. Alisema, "Mwalimu, mwaka mzima nimepikia mabua ya mahindi. Unayajua mabua wewe? Ukipuliza, yamekwisha. Ukigeuka, moto umezima. Wajukuu wangu wamekula kande mbichi, nawe ulipita mlangoni kwangu ukaniambia habari za asubuhi."

"Ni kweli," nikasema.

"Najua ni kweli. Nilikuwapo."

Kamati ikamfungulia njia siku ile ile. Mwenyekiti akatazama meza akasema kwamba msimu huu Mwalimu hapandi. Na kwa kuwa baada yako hakuna azijuaye njia zile kuliko mama huyu, yeye ndiye atakayeongoza. Alisema kwa adabu, kama mtoto anayemvua mzazi wake viatu. Niliandika uamuzi huo katika muhtasari. Ulikuwa uamuzi sahihi. Jioni nilimpelekea Mama Atupele mzigo wa kuni za miti ya shambani kwangu. Alizipokea, akaniambia ni mbichi.

Leo alfajiri alifika na mabuti ya mpira na kanga mbili, akawapanga wageni mmoja mmoja. Kijana wa kizungu akanyoosha kidole mlimani akauliza kama picha zitapatikana. Mama Atupele akamshusha mkono, akamgeuza kwa mabega mpaka mgongo ukaelekea mlima, akamwonesha kwa ishara kwamba ndivyo itakavyokuwa. Hakuhitaji mtafsiri. Wote wakacheka, wakaenda. Nilisikia vicheko vyao vikipanda mpaka kona ya pili, kisha sikusikia tena.

Sasa jua limepanda. Bila shaka wamefika kwenye mkuyu. Sitaki kujisingizia utulivu ambao sina: benchi hili ni refu, Shemeji, na mtu mmoja hujaza sehemu ndogo sana. Nimekwisha kusema mbele ya kamati, mbele ya Mama Atupele na mbele ya mwanafunzi wangu, lakini bado sijasamehewa mahali ninapotaka. Sijui kama kitandani pale uliniamini. Uliwajua ndege kwa sauti. Huenda na sauti yangu uliijua. Sina mtu wa kumwuliza.

Kwa hiyo naandika jibu ambalo nilipaswa kukupa siku ile. Hapana, Ambakisye. Hakuwa akimlisha. Alikuja na tunda, akatukuta tunamtazama, na mimi niliyekatazwa na wewe, kisha nikakatazwa na mgeni, niliendelea kutazama mpaka kinda lao likafa.

Pumzika huko mlimani kati ya babu zako. Msalimie dada yako kwa niaba yangu. Na jambo hili mwambie wewe. Mimi kwake sina uso.

Shemeji yako